Ndiva ya Nusu

"Ndiva ya nusu hunywewa na mfereji." Mmemsikia mwinjilisti akiyasema maneno hayo leo kanisani, mkatazamana, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Sogeeni basi, tuendelee kupukuchua mahindi. Methali hii ilianzia huku huku kwetu Upareni, nami nilihadithiwa na mama yangu.

Ndiva mnaijua: bwawa la mlimani la mawe na udongo, ambamo maji ya chemchemi hukusanywa kwanza, ndipo yafunguliwe kwenda mashambani. Mwaka mmoja, zamani, mvua za vuli zilikatika mapema. Chemchemi ikawa inatoa maji membamba kama uzi. Mzee Mbonea, mlinzi wa ndiva, akatangaza kwamba hakuna kufungua mpaka ijae.

Mwisho kabisa wa mfereji alilima Elinaja na mkewe Namsifu. Mahindi yao yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na majani yalikuwa yakijikunja. Kila asubuhi Elinaja alipanda kuyatazama maji, na kila asubuhi alirudi uso umemshuka. Hata akisali, hakumaliza sala. Macho yalikwenda mlimani.

"Baba Nakundwa," mkewe akamwambia, "tumekwisha kumwomba Mungu. Tumwachie."

"Tumwachie hadi lini? Mahindi yanakufa, naye amenyamaza!"

"Hajanyamaza. Maji yanaongezeka."

"Yanaongezeka kwa kijiko!"

Jumapili Elinaja alibaki nyumbani, akisingizia tumbo. Watu walipoingia ibadani, akapanda hadi kwenye ndiva. Maji yalikuwa yamefika nusu ya ukuta. Alisimama pale akiwasikia wenzake wakiimba kwa mbali, kisha akaling'oa gogo lililoziba tundu.

Maji yakatoka kwa kishindo. Elinaja akateremka mbio kando ya mfereji, akiyafuata. Lakini mfereji ulikuwa umekauka ukapasuka, na kila ufa ulikunywa sehemu yake. Maji yakapunguza kasi, yakawa michirizi, yakawa unyevu tu. Hata shamba la kwanza hayakulifikia. Akapiga magoti, akachota tope kwa viganja, akakimbia nalo kuelekea kwake. Likamvujia lote njiani.

Watu walipotoka kanisani walimkuta ameketi chini, mikono mitupu. Wengine wakapiga kelele kwamba anyimwe zamu ya maji milele. Elinaja hakujitetea.

"Nimewaua kwa njaa," alisema. "Niliona Mungu anachelewa."

Mzee Mbonea akamsogelea. Yeye pia alikuwa na shamba, na majani ya mahindi yake yalikuwa yamejikunja vilevile.

"Hakuchelewa, mwanangu. Alikuwa anajaza. Ndiva ya nusu hunywewa na mfereji." Kisha akawageukia wenzake. "Nanyi mnataka huyu akatiwe maji leo leo. Mungu angekuwa na haraka namna hiyo na sisi, nani angekuwa amesimama hapa?"

Mmoja mmoja wakapanda kuliziba tundu.

Kungoja mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi. Kila siku majani mengine yalikauka, na majirani wakawa wanampita bila salamu. Elinaja aliendelea kupanda mlimani, ila sasa alikwenda kuziba nyufa za mfereji kwa udongo, akiomba. Hofu haikumwacha. Mama hakunificha hilo.

Ndiva ilipojaa hadi ukingoni, Mzee Mbonea alimwita mbele ya watu. "Livute gogo wewe," akamwambia. Maji yakashuka yakinguruma, yakanywesha shamba baada ya shamba, mpaka yakafika kwa Namsifu, aliyekuwa amesimama ndani ya mahindi yake akilia. Mengi yalikuwa yamekwisha kufa, kwao na kwa majirani. Yaliyobaki yalizaa, na watoto wakala.

Tangu hapo, mtu akinung'unika kwamba Mungu anakawia, Elinaja mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu, bila kuona haya: "Ngoja, ndugu yangu. Ndiva ya nusu hunywewa na mfereji."