Kofi la Mize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kofi!

Haya, Mwanatumu, acha kumfinya mwenzako, usikie kofi lenyewe.

Hapo kale palikuwa na zimwi, tumbo kama ghala. Kila siku ya harusi alikuja mchana wa jua kali, akambeba bibi harusi, akamla. Na watu wakafanya nini? Wakanyamaza! Hata mimi naona aibu kusimulia.

Uani kwa akina Mize palikuwa na kichaka kikongwe, miba mitupu, cha marehemu bibi yake. Zimwi alisema ni chake, na kila nyumba imwage pale maji ya chumvi ya kuoshea samaki, la sivyo atawala wote. Basi wakamwaga, mwaka hadi mwaka. Kichaka kikakauka.

Siku moja Mize akaposwa. Harusi ikapangwa baada ya masika. Mama yake, Bi Hadiya, akalia kama aliyefiwa.

"Mama, mti gani huu?" Mize akauliza.

"Mti wa zimwi."

Akamwuliza jirani, "Mti gani huu?"

"Mti wa zimwi."

Akamwuliza kungwi wake, "Mti gani huu?"

"Mti wa zimwi, mwanangu. Usiuguse!"

"Wa zimwi, uani kwa bibi yangu?"

Mize akapandwa na hasira. Akakwaruza gome kwa ukucha: ndani kijani. Shinani akaona majani machanga manne. Akachuma mawili, akayafikicha kwa ndimu, akayafumba kiganjani huku akikoroga uji kwa mkono wa pili. Uji ulipoiva akafumbua. Kiganja chekundu! Akanawa, rangi haitoki. Akakumbuka nyayo za bibi yake, nyekundu mpaka siku anazikwa.

"Mama! Mhina huu! Tunauua mhina wetu wenyewe!"

Bi Hadiya akaketi chini pu. "Bibi yako alikuwa akisema zimwi akiguswa na hina hali mtu tena. Nikadhani ni maneno ya kutubembelezea tulale."

Basi majirani walipokuja na ndoo zao, wakamkuta Mize kashika panga.

"Hapa hamwagi mtu."

Akakata matawi makavu yote mpaka usawa wa goti. Akachimbua udongo wa chumvi, akatia mwingine na samadi ya mbuzi. Masika yakaosha chumvi iliyobaki.

Zimwi akapita. "Nani kaunyima mti wangu maji?"

"Mimi, Mize. Na mti si wako."

"Umeshakufa huo!" Zimwi akacheka, akaenda zake.

Akapita tena, akaona machipukizi. "Ng'oa!"

"Sing'oi. Mti si wako. Kama wako, njoo uung'oe mwenyewe."

Zimwi akarudi nyuma hatua tatu. Mize akaona.

Siku ya harusi ikafika. Majani yalikuwa machache, yakatwangwa, yakatosha kiganja kimoja tu.

"Mkono mmoja, mwanangu?" Bi Hadiya akauliza. "Utatosha kweli?"

"Kwani zimwi ana midomo mingapi?"

Jua likafika utosini. Zimwi huyo, anaunguruma: "Mti wangu! Kijiji changu! Bibi harusi wangu!"

Mize akatoka, hina mbichi mkononi. "Mti si wako, kijiji si chako, wala mimi si wako!"

Paa! Kofi la mdomo. Taya za zimwi zikakaza, hazifunguki.

Akakimbilia mtoni, akajisugua. Rangi ikakolea. Akakimbilia baharini, akajisugua. Rangi ikakolea zaidi. Akajisugua kwa mchanga. Ndiyo kwanza vidole vyote vitano vikaonekana! Kila alikopita watoto wakamzomea, "Huyooo! Kapigwa na Mize!" Hakurudi tena.

Mize akaolewa mkono mmoja mwekundu, mmoja mtupu. Wale wa ndoo wakaja, vichwa chini, kuomba vijiti vya mhina. Akawapa, lakini kwanza akawasema mpaka wakakoma. Na bibi harusi wa kwao mpaka leo hupakwa hina mkono wa kulia kwanza, akapiga kofi hewani, ndipo hupakwa wa pili.

Hadithi yangu imechoka kutembea, imeketi hapa. Nanyi, watoto, mkiambiwa kilichomo uani kwenu si chenu, msiitikie tu. Kikwaruzeni kwanza, mwone ndani kuna nini.