Mbio za Mama Duma Kwenda Kilima cha Chumvi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa gani hiyo ya wagonjwa? Nimezunguka nchi nyingi, na hata mbwa walionifukuza huko waliitikia kwa nguvu kuliko ninyi. Haya.

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikausha mbuga nzima, ikabaki chemchemi moja. Mama Duma aliwanywesha wanawe hapo. Siku moja Mbwa Mwitu akaja na ukoo wake, akasema maji ni yao. Desturi ya mbuga ilikuwa hii: ugomvi wa maji huamuliwa kwa mbio, anayechokozwa huchagua umbali, na anayeshindwa huhama na watoto wake.

"Chagua, Mama," Mbwa Mwitu akasema.

Mama Duma akajilamba kucha. "Chagua wewe, shemeji. Kwangu popote ni palepale."

"Basi twende Kilima cha Chumvi, turudi hapa. Mwezi ukiandama."

Wanyama wakatazamana. Kilima kilikuwa mbali, na Mama Duma alikuwa hajawahi kukimbia zaidi ya kichaka hadi kichaka.

Akamwendea Bibi Mbuni, mjuzi wa mbio za kila aina.

"Mwanangu," Bibi Mbuni akasema, "kuna mbio za kukamata, kuna mbio za kukimbiza, kuna mbio za kufika. Wewe unajua za kukamata tu. Hizo hufunzwa kwa kuchomoka. Za kufika hufunzwa kwa kujizuia. Pumzi kwanza, miguu baadaye."

Kila alfajiri wakakimbia, polepole hata konokono akawaamkia. Leo hadi bonde la karibu, kesho mbele kidogo, kesho kutwa mbele zaidi. Mama Duma akichomoka tu, Bibi Mbuni anamdonoa mkia. "Pumzi kwanza, miguu baadaye."

Nyani akauliza kutoka mtini, "Mama, umeshikwa na baridi yabisi?"

Mwezi ukaandama. Mbwa Mwitu alikuwa bingwa wa safari ndefu, ila aliogopa jambo moja: kasi ya Duma. Kwa hofu hiyo akafyatuka kama mshale, akatokomea vumbini.

"Mama, anakuacha," wanawe wakalia.

Miguu ikamwasha Mama Duma. Akajinong'oneza, "Pumzi kwanza, miguu baadaye."

Karibu na kilima akakutana na Mbwa Mwitu anarudi. "Pole, Mama. Kafungashe."

Akazunguka kilima, akarudi. Jua likampiga utosini, kifua kikawaka moto, akataka kulala chini. Hapo akaziona nyayo za mwenzake mchangani: hatua zilikuwa zimefupika, zinayumba huku na huku. Akaendelea, taratibu, taratibu, taratibu.

Chemchemi ikaonekana. Mbwa Mwitu alikuwa mbele bado, ulimi umemning'inia.

"Sasa," Mama Duma akasema, "miguu."

Mbwa Mwitu akamsikia. Akataka kukimbia, miguu ikakataa. Upepo ukampita, na Mama Duma akawa wa kwanza kugusa maji.

Ukoo wa Mbwa Mwitu ukaanza kukusanya watoto, tayari kuhama. Mwenyewe alikuwa amelala mavumbini. Mama Duma akamsukuma kwa kichwa hadi majini.

"Kunywa, shemeji."

Mbwa Mwitu akatumbukiza pua yote. Mama Duma akamvuta sikio.

"Taratibu, utapaliwa. Na watoto wako wapange foleni nyuma ya wangu."

Hadithi yangu imeishiwa pumzi hapo, nami nakaa chini.