Mkono Ulioshika Birika

Kaeni, wapendwa, kaeni kabisa. Na wewe mzee wa kule nyuma uliyekwisha kuangalia saa, nimekuona. Leo sina maneno mengi. Nina habari moja tu, halafu tuombe twende.

Palikuwa na mchungaji mmoja hapa mjini. Msianze kutazamana, mjini humu wachungaji ni wengi kuliko bajaji. Huyu alikuwa na kanisa la bati katikati ya nyumba za kupanga, na jamani, alikuwa na moyo. Mama lishe walipovunjiwa vibanda vyao, ni yeye aliyewaongoza mpaka ofisi ya serikali ya mtaa. Mpangaji akitolewa vyombo nje, anaitwa yeye. Bomba likikauka wiki mbili, anaitwa yeye, kama vile maji anayo mfukoni. Na anakwenda! Hata chakula kikiwa mezani, anakwenda.

Na kila aliyekuja kumlilia alipewa kiti, na kila aliyepewa kiti alipewa chai. Sasa niambieni, hiyo chai ilitoka wapi? Ilidondoka toka mbinguni kama mana? Ilitoka kwa mke wake. Mama mchungaji, mnawajua hawa. Kanisani hana cheo, lakini kazi anayo. Miaka kumi na saba alikuwa akikanda maandazi gizani na kuzunguka na birika moja kubwa, lile la mpini uliofungwa kitambaa ili lisiunguze. Vikao vya haki za watu, yeye na birika. Msiba, yeye na birika. Wageni wa baba askofu, mabirika mawili.

Mama huyu kwao Tukuyu, kule juu kwenye baridi na migomba. Huko yuko mama yake mzazi, mzee sana, macho yameanza kuingia ukungu. Kila akipiga simu neno lake lilikuwa hilohilo: "Mwanangu, njoo nikuone ningali naona."

Mwaka ule alifunga begi lake mara tatu. Mara ya kwanza vibanda vikavunjwa, wanawake arobaini wakahamia kanisani na watoto wao. Nani awapikie? Begi likarudi juu ya kabati. Mara ya pili akaja askofu. Mara ya tatu akamfuata mumewe akamwambia, "Baba nanii," majina tuyaache, "safari yangu ya Alhamisi ipo?"

Mchungaji alikuwa anavaa viatu. Akasema, "Mama, si unaona mwenyewe hali ilivyo? Tuna mkutano mkubwa Jumapili. Ukiondoka wewe nitafanyaje? Wiki ijayo, haki ya Mungu."

"Haya, baba."

Nendeni polepole na hiyo "haya, baba". Mke wako akikujibu hivyo mara tatu kwa mwaka, ndugu yangu, usifurahi.

Huo mkutano mkubwa ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa dada wa kazi. Mchungaji alikuwa amegundua kwamba mtaani kwake mabinti wanaofanya kazi za majumbani hawana hata siku moja ya kupumzika, na jambo hilo lilimnyima raha. Akawaita wote, akawaita na mabosi wao, akamwita mwenyekiti wa mtaa. Akaweka utaratibu wake mwenyewe. Binti asiye na siku ya mapumziko anyooshe mkono. Katibu wao, naye binti wa kazi, aandike jina kwenye daftari. Halafu bosi wake asimame mbele ya watu ajibu maswali matatu: huyu anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, na kwao alikwenda lini mara ya mwisho?

Basi siku ile palichimbika! Alisimama mama mmoja mwenye duka la vipodozi, mkufu mpaka hapa, akajibu, "Anaamka saa kumi na moja... kulala, inategemea... kwao, mmh, tangu Pasaka ya mwaka juzi." Mchungaji akashika kichwa. "Mama! Huyu si mtoto wa mtu?" Ukumbi mzima ukaguna. Mama wa watu akakubali kutoa Jumamosi nzima, akaketi amelowa jasho. Wakasimama saba wa namna hiyo, wote wakatoa siku.

Mchungaji alikuwa amefurahi, uso unang'aa. Akauliza kwa mara ya mwisho, "Yupo mwingine? Msiogope. Katika mtaa huu, yupo mwingine anayefanya kazi siku saba bila kupumzika?"

Kule nyuma, katikati ya viti vya plastiki, mkono ukanyooka. Mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika birika.

Watu wakacheka. Na mchungaji akacheka. Akasema, "Mama, shusha mkono bwana, tuna mambo ya maana hapa."

Mkono haukushuka.

Kicheko kikaanza kuisha, safu moja baada ya nyingine. Yule katibu akasimama na kalamu yake. Binti wa miaka kumi na tisa, darasa la saba, lakini Mungu akikupa ujasiri hakuulizi cheti. Akasema, "Shikamoo mchungaji. Samahani. Utaratibu si umeweka wewe? Nimwandike?"

Mwenyekiti wa mtaa akakohoa. Yule mama wa vipodozi akageuka na kiti chake kizima ili aone vizuri. Mchungaji akasema, "Mwandike."

"Basi bosi wake asimame. Anaamka saa ngapi?"

"Sijui. Nikiamka mimi, namkuta ameshaamka."

"Analala saa ngapi?"

"Nikilala, namwacha jikoni."

"Na kwao alikwenda lini mara ya mwisho?"

Hapo, wapendwa, mtu aliyejibizana na madiwani na mabaraza ya ardhi alihesabu moyoni, akaona aibu kutaja miaka. Binti hakumkaripia. Alimuuliza taratibu tu, kama mtu anayeulizia njia: "Na huyu, mchungaji, si mtoto wa mtu?"

Najua mnachokisubiri. Mnasubiri niwaambie kwamba mchungaji alitubu, akalishusha begi toka juu ya kabati, mkewe akapanda basi, mama yake akamwona, basi, amina, twende nyumbani. Kutubu alitubu. Begi alilishusha yeye mwenyewe, na vumbi lake. Mke akapanda basi Jumanne. Lakini alichelewa. Alipofika, mama yake alikuwa anaona mwanga tu, mtu hamtambui. Akamkalisha mwanawe karibu, akampapasa uso, akashuka mabegani mpaka mikononi. Akaikuta migumu, ina alama za moto. Akaishika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua umeolewa na mchungaji. Kumbe uliolewa na kanisa zima! Sasa hao wakwe zangu wote, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunisalimia?"

Mnacheka? Chekeni tu. Na mimi nilicheka aliponisimulia kwenye simu juzi. Nilipokata simu nililia, sioni aibu kusema.

Ndiyo. Kile kiti cha mbele pale, chenye kanga iliyokunjwa, mmekiona leo kiko wazi. Baadhi yenu mlikuwapo siku ile ukumbini, asanteni kwa kujikausha. Kosa ni langu, nimeshamwambia mwenyewe na nimemwambia Mungu. Lakini naomba niwaulize, na mnijibu kwa kweli kama nilivyojibu mimi. Ile chai ya miaka kumi na saba niliinywa peke yangu? Sisi tuliopiga kelele kwa ajili ya mabinti wa watu, yupo mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Mama, leta hilo birika, kaa"? Tulidai haki mlangoni kwa jirani huku tumenyoosha vikombe vyetu kwake. Na nyumbani kwenu je, mkono wa nani umenyooka kule nyuma, na ninyi mnadhani ni utani?

Kesho napanda basi la asubuhi kwenda Tukuyu. Daktari wa macho amekubali kumwona bibi Alhamisi, anasema jicho moja linaweza kurudi. Ombeni sana. Nakwenda kumsalimia mama mkwe, na nimemwahidi kwamba sitakwenda peke yangu. Anayetaka kufuatana nami aje hapa mbele. Amesema wakwe wote, mzee wa saa, na wewe umo.

Tusimame tupokee baraka. Na tukitoka hapa, leo chai haijapikwa. Birika liko pale kwenye meza, majani na sukari viko kabatini. Wanaume wa safu ya kulia, anzeni ninyi.