Bi Madoa Awageuza Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma hamkujibu, na wakubwa wameona haya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale palikuwa na kanga jike, jina lake Bi Madoa. Bi Madoa alikuwa na mayai, ameyataga penye nyasi ndefu karibu na bwawa. Tena alikuwa domokaya. Jani likianguka, kere-kere-kere! Mjusi akipita, kere-kere-kere! Nyika nzima ilishamzoea.

Mwaka huo bwawa la nyati lilikauka. Nyati wakaamua, jua likipoa, waende kwenye lile bwawa la Bi Madoa, wakatize moja kwa moja penye nyasi. Kundi zima, kwato kwa kwato. Bi Madoa aliposikia, moyo ulimlipuka paa.

Akakimbia. Akafika kwa Bi Pembe, nyati jike aliyeongoza kundi, akaanza kulia. "Kere-kere-kere! Tunakufa! Msipite!"

Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa mgongoni mwa nyati, akacheka. "Leo limeanguka jani gani, shoga?"

Nyati wote wakacheka. Wakaendelea kutafuna.

Bi Madoa akarudi, hasira zimemjaa. Lakini hakukaa chini kulia. Alijikaza kisabuni. Akajisemea, "Nimeanza na machozi, na machozi yangu hawayaamini. Nitaanza na kingine."

Akaingia kwenye nyasi kule watakakopita nyati. Akatembea, akachungulia. Mbele kidogo ya kiota chake miguu ikazama, dii, hadi magotini. Akajichomoa. Akapanda kwenye njia ya mawe inayozunguka nyasi, akaifuata yote hadi majini. Ilikuwa kavu, ngumu. Akarudi mbio kwenye mayai.

Jua likapoa. Nyati wakaja, ndu, ndu, ndu. Bi Madoa akasimama mbele yao, kimya. Hapo ndipo Bi Pembe aliposimama, maana kanga aliyenyamaza hajapata kumwona.

"Shikamoo, Bi Pembe."

"Marahaba. Mbona leo huna kelele?"

"Kelele zangu nyingi zilikuwa za bure. Mlinicheka kwa haki. Na sikufichi, mayai yangu yako hapa nyuma yangu, kwa hiyo nina langu ninalolitaka. Usiniamini mimi. Itazame miguu yangu."

Miguu ilikuwa na tope hadi magotini.

"Uzito wangu unaujua. Kama mimi nimezama hivi, ndama wako atatoka humo? Njia ya mawe nimetoka kuipita sasa hivi. Inafika majini."

Yangeyange akafungua mdomo. Bi Pembe akamwambia anyamaze.

"Maneno yako yana maana," akasema. "Lakini njia ya mawe ni ndefu na ndama wana kiu. Tutalikwepa tope. Tutapita ukingoni, hapo hapo uliposimama."

Jamani, Bi Madoa aliogopa. Ile kere-kere ikampanda hadi kooni. Akaimeza.

"Basi kabla hujapita, nipe sikio lako moja."

Bi Pembe akainamisha kichwa chake kizito, sikio likagusa mayai.

Pi. Pi. Pi.

Vifaranga walikuwa ndani, wanaita. Bi Pembe hakuinua kichwa upesi. Ndama wake akaja akajisugua ubavuni mwake.

"Wanakuita wewe," akasema Bi Pembe.

"Wananiita mimi. Na mimi sina pembe za kuwakinga. Nina maneno tu."

Bi Pembe akageukia mawe. Kundi zima likamfuata, ndu, ndu, ndu, ndama na kiu zao, mpaka vishindo vikapotea. Bi Madoa akayakalia mayai yake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, anayetaka kuwageuza wenzake aseme kweli kwanza, hata ile inayomuumbua, wapate kumwamini. Kisha awape sababu wanayoiona kwa macho. Mioyo yao aiguse mwisho, akishasikilizwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayebisha akawaulize nyati.