Bibi Wande Achipua

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu mnisikie vizuri, wanyama walikuwa na nyua zao. Walifagia, walipika, na waliwagombeza watoto wao kwa kuingia ndani na miguu michafu, kama mnavyogombezwa nyinyi.

Katika bonde moja lenye kijito ziliishi familia tatu. Bondeni kwenye majani alikaa Nyati Lufungulo, mkewe, na binti yao Kabula. Ng'ambo ya kijito alikaa Tembo Nkwabi na mwanawe Jidayi. Na juu kwenye majabali alikaa Pimbi, mama mmoja aitwaye Milembe, na watoto wake. Pimbi ni mdogo. Ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni panya aliyenenepa.

Kijito kile kilikuwa na maji safi, unaona mpaka kokoto za chini. Halafu Tembo akala mikuyu yote ya ukingoni, akamaliza matawi, akamaliza na magome. Nyati naye kila akisikia kiu aliteremka popote alipojisikia, kwatu, kwatu, kwatu, na udongo ukaporomokea majini, pwaa. Maji yakawa mazito kama uji wa ulezi.

Kitinda mimba wa Milembe aliyanywa maji yale, akashikwa na tumbo. Akadhoofu hata mama yake akaogopa kumpoteza. Alipopata nafuu, Milembe alijifunga kanga kiunoni, akateremka kwa Nyati.

"Hodi hapa, baba Kabula."

"Karibu, jirani. Uko wapi? Sikuoni."

"Niko hapa, karibu na kwato yako. Nimekuja kwa ajili ya kijito. Nakuomba uwe unapita kwenye mawe, kule chini, ukingo upate kupona."

Nyati akaendelea kutafuna. "Kwenye mawe ni mbali. Na si mimi niliyeharibu. Kamwambie Tembo aliyekula miti."

Milembe akavuka kwa Tembo.

"Miti?" Tembo akasema. "Mimi nisile? Kinachoharibu ni kwato za Nyati. Nenda kamwambie yeye. Na ukiondoka uangalie, nisije nikakukanyaga bure."

Wakacheka, kila mmoja kwake. Milembe akarudi majabalini. Hakulia, wala hakununa. Alikaa akawaza, na alipomaliza kuwaza aliinuka akaenda kukata vijiti vya mkuyu kutoka kwenye mti mmoja uliobaki kule juu, penye mwamba, mahali ambapo mkonga wa Tembo haukufika. Akavibeba kwa kurudiarudia, maana mzigo mmoja ulimshinda.

Mchana wazazi walipokuwa wamelala, watoto wote walikuwa wakicheza kwenye tope la ukingoni. Milembe akawaendea.

"Shikamoo, mama Pimbi," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Leo tucheze nyumba. Kila mmoja atapata mtoto wa kulea. Kabula, bibi yako mzaa baba aliitwa nani?"

"Bibi Wande. Alifariki. Baba anasema alikuwa akiimba anapotembea."

"Basi chukua kijiti hiki, ukipande hapo, na jina lake ni Wande. Wewe Jidayi, babu yako?"

"Babu Malole. Alikuwa na pembe moja tu."

"Huyu hapa Malole. Mpande."

Watoto wa Pimbi nao wakapanda bibi zao na babu zao. Ukingo mzima ukajaa wazee.

"Sasa sikilizeni," Milembe akasema. "Mtoto akipewa jina la bibi yako, unamwitaje?"

"Bibi," wakajibu wote.

"Na bibi anapewa maji asubuhi na jioni. Wala hakanyagwi. Mtu akitaka kumkanyaga, mtafanya nini?"

Kabula akapiga kwato chini. "Hatapita."

Watoto wakashika kazi. Walichota maji kwa vibuyu, wakapalilia, wakawasimulia vijiti vyao habari za nyumbani. Jua kali lilipozidi, vingine vilinyauka, wakapanda upya. Siku moja Kabula akakuta kijiti chake kimetoa majani mawili. Akakimbia kumwita Jidayi, na wote wakapiga magoti kutazama.

Haikupita muda, Nyati Lufungulo akateremka na kiu yake, kwatu, kwatu. Mkewe alikuwa nyuma yake. Kabula akasimama mbele.

"Baba, simama hapo. Unamkanyaga bibi."

Nyati mguu ukamgandia hewani. "Bibi gani?"

"Bibi Wande. Ndiye huyu. Jana alitoa majani."

Nyati akainamisha kichwa. Akakitazama kijiti. Mguu bado uko juu.

"Huyu ni mama yangu?"

"Ndiyo. Nampa maji kila siku. Nimemwambia unamkumbuka."

Mkewe akasogea pembeni haraka, akajifunika kanga kichwani. "Mume wangu, mimi siwezi kumpita mama mkwe juu ya kichwa. Napitia kwenye mawe."

Akaenda zake. Nyati akabaki amesimama kwa miguu mitatu. Mwishowe akaushusha mguu taratibu, nyuma, na akamfuata mkewe kwenye mawe.

Upande wa pili Tembo naye alinusa majani mabichi. Akanyoosha mkonga, akauzungusha kwenye kijiti.

"Baba," Jidayi akasema, "huyo ni babu Malole. Unamla babu?"

Mkonga ukarudi wenyewe kama umeungua.

Jioni ile wakubwa wawili wakakutana, wakaulizana, wakaelewa kuwa ni kazi ya Milembe. Wakapanda majabalini, ardhi inatikisika. Watoto wao wakawafuata nyuma. Milembe angeweza kuingia kwenye ufa wa mwamba, hakuna ambaye angemfikia. Lakini alitoka, akasimama mlangoni.

"Ulituchezea," Nyati akasema.

"Niliwachezea," Milembe akasema. "Nilikuja kwenu kwa hodi, mkanicheka. Mwanangu alikuwa karibu kufa kwa maji yale. Wenu pia wanayanywa."

"Vile ni vijiti tu," Tembo akasema.

"Ni vijiti. Sijakataa. Teremkeni mkaving'oe, nguvu mnazo. Ila mving'oe mchana, mbele ya hawa hapa."

Akawaonyesha watoto. Kabula alikuwa akimtazama baba yake bila kupepesa. Jidayi alikuwa ameushika mkia wa baba yake, hauachii.

Nyati akakohoa. Akatazama kijito kule chini, akatazama kwato zake.

"Mama yangu," Nyati akasema polepole, "pale alipopandwa jua linamchoma sana. Nani amemchagulia pale?"

"Mimi, baba," Kabula akasema.

"Basi kesho nitaleta miiba nimzungushie ua, na majani makavu nimfunike miguuni. Nyumbu wakipita huko watamkanyaga, hawana adabu wale."

Tembo akamgeukia mwanawe. "Na babu yako kwa siku anakunywa vibuyu vingapi?"

"Ninambebea kimoja tu, baba. Kizito."

"Kimoja? Baba yangu?" Tembo akateremka mbio mpaka kwenye mawe, akavuta maji kwa mkonga, akamnyunyizia Malole, fyuuu, kisha akamnyunyizia Wande, kisha wazee wote wa Pimbi mpaka mwisho wa ukingo. Watoto wakamkimbilia huku wakimwelekeza ni nani bado hajanywa.

Basi wanangu, ukitaka nyumba nzima itunze maji na miti, anza kwa kuwapa watoto kitu cha kulea.