Mlango wa Kuyu

Mgeni akishuka bondeni kwetu mwanzo wa masika na kuuona wando wetu, hucheka. Huona fito mia tatu zimechomekwa mtoni kutoka ukingo hadi ukingo, zimefungwa kwa kamba, na migono ya kunasia samaki imepangwa mbele yake, midomo ikielekea chini mtoni. Kisha katikati kabisa, penye maji mengi, huona pengo. Huuliza, "Nyie, mmejenga ukuta mkasahau kuumaliza?" Nanyi leo mmeniuliza hivyohivyo, tena mkiwa mmekalia fito mlizochonga wenyewe. Basi wekeni visu chini, niwaambie.

Kulikuwa na miaka ambayo Mto Mpeho haukuwa na wando wowote. Kiangazi samaki wetu, kuyu, walikaa huku kwetu, kwenye vidimbwi vyenye vuguvugu. Mvua za kwanza zikinyesha walipanda mlimani, ambako maji ni baridi ya kuumiza meno, wakataga mayai kwenye changarawe. Watu wa chini waliwavua kwa ndoana wakipita, watu wa juu waliwavua wakifika. Na kuyu wa siku hizo alikuwa na midomo myembamba, kama mstari uliochorwa kwa ncha ya kisu.

Huku chini aliishi mwanamke aliyeitwa Mbonea, msukaji wa migono. Alikuwa mtu wa kupima. Aliupima kila ufito kabla ya kuukata, akaupima tena baada ya kuukata, na ukizidi wenzake kwa unene wa ukucha, aliutupa. Majirani walimtania kwamba hata ugali wake una pembe nne. Yeye hakukasirika. Aliamini kwamba kazi yenye kasoro ni afadhali isifanywe, na mara nyingine alikaa na mgono mmoja siku nyingi, akiufumua na kuusuka upya, kwa hofu kwamba kuna mahali amekosea na hajapaona.

Kaka yake, Shekiango, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavuvi. Siku moja alimwambia, "Dada, samaki wengi wanatupita hivihivi tukiwatazama. Wewe unayesuka mgono usiopitisha hata kiluwiluwi, utashindwa kuuziba mto?"

Mbonea hakushindwa. Kiangazi kizima alikata fito, akazichomeka moja moja, akazifunga kwa kamba ya mgomba kwa fundo alilolibuni mwenyewe, fundo ambalo likilowa hukaza zaidi. Alipomaliza alipita mtoni akipapasa kwa vidole kutoka ukingo hadi ukingo. Hakupata nafasi ya kupitisha kidole gumba.

Mvua zikanyesha, kuyu wakaanza kupanda, wakafika kwenye wando wakakwama. Kila asubuhi migono ilijaa. Watu walikula wakashiba, wakabanika, wakakausha juu ya chanja mpaka miti ya chanja ikaisha. Siku tisa Shekiango alitembea kijijini akimsifu dada yake kama vile amemzaa yeye.

Siku ya tisa alishuka Kupaza, mkwe wa Mbonea. Kupaza alikuwa amemwoa Hoza, binti pekee wa Mbonea, na walikaa kijiji cha juu, mwendo wa siku moja na nusu. Mnajua desturi ilivyokuwa: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na njaa ya nyumbani kwake haitaji mbele yake hata ikimtoa roho. Kupaza alisimama njiani, akaangalia pembeni.

"Mame, Hoza amejifungua. Mtoto wa kike."

"Wazima?"

"Wapo."

"Na Hoza anakula vizuri?"

"Tunawasubiri kuyu, mame."

Mbonea akacheka. "Bado hawajafika kwenu? Huku tumeshawachoka."

Kupaza aliutazama mto, akauona wando, akaona maji ya chini yake yalivyokuwa meusi kwa migongo ya samaki. Akaelewa. Akafungua kinywa, kisha akakumbuka ni mikono ya nani iliyoifunga kamba ile.

"Wando mzuri, mame," akasema, akageuka kuondoka.

Kesho yake Mbonea alibeba kapu la kuyu waliobanikwa, akapanda kwenda kumwona mjukuu. Alimkuta Hoza ameegemea ukuta, mashavu yameingia ndani. Mwaka ule baridi ilikuwa imeunguza migomba ya juu, na magimbi yalikuwa hayajakomaa, kwa hiyo watu wa kule walikuwa wakiishi kwa mboga za porini wakisubiri mto. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Kilio chake kilikuwa chembamba, cha mtu asiyetarajia kusikilizwa. Na katika kijiji kile walikuwapo wazazi wengine wanne wenye watoto wachanga. Kapu la Mbonea liliisha kabla ya jua kuzama.

"Mwaka huu mto umetusahau," mama yake Kupaza alisema, akikwangua sufuria.

Mbonea hakukubali neno la kusahau. Asubuhi alishuka mtoni akiwa na mgono, akautega kwenye kidimbwi cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, akingoja kila mahali mpaka miguu ikafa ganzi. Aliinua changarawe kwa mikono akitafuta mayai. Hakuona samaki hata mmoja, wala yai. Maji yalikuwa safi kabisa. Ndipo alipokumbuka jinsi alivyopapasa fito zake kutoka ukingo hadi ukingo, wala kidole gumba hakikupita.

Alimkuta Kupaza akichanja kuni. "Ulijua," alimwambia.

"Nilijua, mame."

"Mbona hukusema?"

Kupaza aliongea na shoka lake. "Ningeanzaje kumwambia mkwe wangu kwamba kazi yake inamuua mke wangu?"

Mbonea aliteremka siku ileile bila kupumzika. Alifika kesho yake asubuhi akawakuta wavuvi wakitoa samaki kwenye migono, akamwambia Shekiango kwamba wando utobolewe, kule juu watoto wanakufa njaa.

"Kiangazi kizima umeziba, leo unataka kutoboa?" kaka yake alimjibu. "Basi tutoboe na vibuyu vyetu, tuone kama vitateka maji."

Wavuvi wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, ameona ufito mmoja umepinda."

"Nitawapelekea makapu mawili matatu," Shekiango akasema kwa upole. "Lakini wakishapita samaki hawa, dada, wamepita. Na sisi tuna watoto pia."

"Makapu matatu ni ya siku moja. Kule kuna nyumba kumi na moja."

Mbonea hakubishana zaidi. Aliingia mtoni mpaka kifuani, akaenda katikati penye nguvu ya maji, akaanza kufungua fundo la kwanza. Lakini lilikuwa fundo lake, lililokaza kwa siku kumi na mbili za maji. Kucha zikamvunjika. Alifungua moja, akahamia la pili, huku kuyu wakimgonga mapajani na mbavuni wakitafuta pa kupita. Wavuvi walitazama wakingoja achoke. Jua likapita utosini, midomo yake ikawa ya kijivu, na hakuwa amechomoa zaidi ya fito mbili.

Shekiango aliingia majini akikusudia kumbeba dada yake amtoe. Alipomfikia, kuyu mkubwa akamjia mkononi, hana hata nguvu ya kukimbia. Akamwinua. Midomo ya samaki yule ilikuwa imevimba, minene, kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Akamwinua mwingine, akamkuta vilevile. Walikuwa wamezisukuma fito kwa midomo, siku kumi na mbili, usiku na mchana.

Shekiango akawarudisha samaki wale majini. "Mimi ningesharudi nyumbani," akasema. Akachomoa kisu kiunoni, akakata kamba.

Walipochomoa fito za kutosha, maji yalivuta kwa nguvu hata wando wote ukataka kulala. Mbonea akasimama ndani ya pengo, mikono kiunoni, akizizuia fito za pande zote mbili kwa viwiko vyake, na kuyu wakapita chini ya mikono yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka jioni. Kwenye migono ya pembeni walibaki wengine, na watu wa chini hawakulala njaa. Siku ya nne Kupaza akashuka. Safari hii alimtazama mama mkwe usoni, akamwambia, "Mame, maziwa yamerudi."

Kuyu waliopanda siku ile walitaga mayai wakiwa na midomo yao ileile iliyovimba, na watoto wao wakazaliwa nayo. Ndiyo hiyo mnayoiona hadi leo mkimtoa kuyu kwenye mgono: minene, laini, na bado huigusisha kwenye kila jiwe analolipita, kana kwamba anauliza.

Nasi tukajifunza kuacha mlango. Upana wake haupimwi kwa shubiri wala kwa kamba. Mwanamke husimama katikati ya mto akashika kiuno, na pale viwiko vyake vinapofika, ndipo fito huishia. Na kila kijana wa juu aliyeoa kwetu hushuka katika masika ya kwanza ya ndoa yake, akasimama ukingoni mbele ya kijiji kizima, na kumwambia mama mkwe wake kwa sauti ya kusikika, "Mame, mlango wako ni mwembamba." Hata kama ng'ombe angepita, lazima aseme. Wengi hutokwa jasho, na sisi hucheka sana. Mama mkwe hukunja nguo yake, huingia kwenye maji yale ya baridi, na kuchomoa ufito mmoja.