Ngiri, Mama Digidigi na Tangi la Mgeni

Ngano naileta!

*Ilete tuipokee!*

Ni kavu, haina maji.

*Tutaimeza hivyo hivyo!*

Haya, sogeeni basi. Sauti yangu imechoka, na ngano hii nimeisimulia mpaka yenyewe imenichoka. Lakini ndiyo mliyoitaka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Chumvi hawakuwa na kisima. Maji yao yalikuwa mtoni, mbali, na mtoni aliishi Mamba. Mamba hakuwa na haraka. Alilala kama gogo, akangoja.

Bondeni humo aliishi Mama Digidigi, yule mnyama mdogo mwenye miguu myembamba. Alikuwa na watoto watatu. Kila asubuhi alijitwika kibuyu akaenda mtoni, watoto nyuma, akiimba ili Mamba amwonee huruma:

Mamba, Mamba mwenye mto,
niache nichote kidogo,
wanangu wana kiu,
kisima kinakuja.

Nanyi mnaitikiaje?

*Kinakuja!*

Kinakuja. Ndivyo walivyoambiwa.

Maana bonde lilikuwa na halmashauri yake. Mwenyekiti alikuwa Ngiri, na wajumbe wake walikuwa Korongo na Nyani. Ng'ambo ya milima alikaa Mfalme Ndovu. Kila mavuno Mfalme alikusanya nafaka kwa wanyama wote, kisha sehemu akairudisha kwao iwe ruzuku. Aliposikia shida ya bonde, akatuma magunia ya mtama. Akasema, "Mtama huu ni wa kuwalisha wachimbaji. Chimbeni kisima."

Mtama wa kwanza ulipofika, halmashauri ikakaa kikao kujadili kisima kichimbwe wapi. Sasa kikao kina posho, na posho yenyewe ni mtama. Wakakaa tena kupitia yale waliyosema kwenye kikao cha kwanza. Wakakaa tena kuunda kamati. Walipokubaliana mahali pa kuchimba, magunia yalikuwa matupu.

Kiangazi hicho Mamba alimchukua kifungua mimba wa Mama Digidigi.

Mama akasimama mkutanoni. "Mwenyekiti, kisima kiko wapi?"

"Pole sana na msiba, dada yangu," akasema Ngiri. "Tuko mbioni. Mchakato unaendelea."

Mtama wa pili ukaja. Nyani akasema, "Jamani, tutachimbaje kitu ambacho hatujakiona?" Wakafunga safari ya mafunzo, wakaenda bonde la jirani kutazama kisima cha wenzao. Wakakaa huko, wakala, wakakiinamia kile kisima, wakasema kweli ni kirefu. Wakarudi wamenenepa.

Kiangazi hicho Mamba alimchukua mtoto wa pili.

Mama akasimama tena. "Mwenyekiti, kisima kiko wapi?"

"Tuko mbioni, dada. Sasa tumejifunza. Vuta subira kidogo."

Mtama wa tatu ukaja, na safari hii ulikuja na ujumbe: Mzee Kobe, mjumbe wa Mfalme, yuko njiani kuja kuzindua kisima. Hapo ndipo Ngiri alipokuna kichwa. Bahati yake, Kobe hafiki upesi.

"Kisima kiko chini ya ardhi," Ngiri akawaambia wenzake. "Cha chini mgeni hakioni. Anachoona ni tangi."

Wakajenga tangi kilimani, wakalipaka chokaa likang'aa, wakalifunga koki moja. Ndani hamkuwa na hata tone. Mtama uliobaki wakauweka kwa ajili ya karamu ya uzinduzi.

Kisha Ngiri akaita mkutano. "Ndugu zangu, mgeni akifungua koki ikakohoa, aibu ni ya nani? Ni yetu sote. Kila kaya ichote maji, tujaze tangi."

Na wanyama, jamani! Sijui niwacheke au niwalilie. Mnadhani walikasirika? Waliona haya. Mgeni asije akatukuta hivi, walisema. Pundamilia akabeba, Nyumbu akabeba, Swala akabeba, wote wakipanda kilima na maji ya mtoni kujaza tangi la kisima ambacho hakipo. Mama Digidigi naye akabeba, akaenda na kitinda mimba wake nyuma, akiimba wimbo ule ule.

Mnaitikiaje?

*Kinakuja!*

Mamba akaruka. Meno yakafungana, krak! Yakavunja kibuyu. Mtoto akanusurika chupuchupu.

Mama hakulia. Alirudi bila maji, akakaa chini ya tangi na mtoto wake ubavuni. "Nimechoka," akasema. "Huyu simtoi."

Mzee Kobe akafika. Utepe ukakatwa, koki ikafunguliwa, maji yakamwagika, vigelegele vikapigwa. Kobe akanywa kidogo, akafuta mdomo. "Nimezindua matangi mengi," akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imechoka. "Yote yalitoa maji siku niliyokuwepo." Wakala karamu. Halafu Kobe akageuka, aanze safari.

Sasa, bondeni humo kulikuwa na desturi. Mama mwenye mtoto akimwomba mgeni alale kwake, mgeni hakatai, na hakuna mwenyeji awezaye kumzuia. Mama Digidigi akasogea, akapiga goti.

"Mzee wangu, usiondoke leo. Lala kwetu."

Ngiri akatoa macho. Akataka kusema neno, akaona kumfukuza mgeni ni aibu kubwa zaidi.

"Nitalala, mwanangu," akasema Kobe.

Jioni ile wanyama walikunywa maji ya tangi mpaka yakaisha, maana tangi lisilo na kisima halijazwi na chochote. Kulipokucha, Kobe akaomba maji ya kunawa uso. Koki ikafunguliwa. Ikakohoa, ikatoa upepo.

"Ni hitilafu ndogo tu, Mzee," akasema Ngiri. "Mafundi wako mbioni."

Kobe akawatazama wanyama. Wote wakainamisha vichwa. Mama Digidigi peke yake ndiye aliyesema: "Maji ya jana yalitoka mtoni, Mzee. Tuliyabeba sisi. Na huko mtoni nimeacha watoto wawili."

Kobe akamgeukia Ngiri. Kisha akasema, "Mwenyekiti, chukua kibuyu. Nenda wewe ukanichotee."

Ngiri akaenda. Wenzake wote walijua Mamba hulala wapi, lakini yeye tangu awe mwenyekiti hakuwahi kukanyaga mtoni. Akaenda kuinama pale pale penye gogo. Mamba akamdaka mkia! Ngiri akajinyonganyonga, akachomoka, akakimbia mkia juu. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akikimbia husimamisha mkia.

"Mtama mmeumaliza," Kobe akamwambia. "Basi chimba mwenyewe." Ngiri akapiga magoti, akachimba, na mpaka leo huchimba amepiga magoti. Korongo akaruka zake, Nyani akapanda mtini. Walisema wao walikuwa wajumbe tu.

Mashimo ya ngiri yamejaa bonde zima. Mmewahi kuona lenye maji?

*Hatujaona!*

Nami sijaona.

Mama Digidigi hakungoja. Alimchukua mwanawe akaingia naye kichakani, akamfundisha kulamba umande majanini kabla jua halijapanda. Ndiyo maana digidigi humkuti mtoni. Na ukimtazama vizuri, chini ya macho utaona alama nyeusi. Ni machozi ya kuwalilia wale wawili, hayajakauka.

Funzo ni hili, wanangu. Aliyekula kisima chenu asiwatume kumfichia aibu. Ukimficha mgeni kiu yako, unamsaidia aliyekunyima maji, na wa kulipa ni mtoto wako.

Kwa hiyo mmeelewa. Haya, na kisima cha Bonde la Chumvi?

*Kinakuja!*

Mmeona? Mmeitikia bila hata kufikiri.

Ngano imekauka hapo. Atakaye kuiloweka, ashike kibuyu aende mwenyewe mtoni.